Kushusha, Kutibu, Kuponya: Uzito wa Ushahidi wa Majani ya Mimea katika Kudhibiti Sukari ya Damu, na Maana Yake kwa Kasese na Bwera

Ikisiri

Majani ya mimea yanayoitwa "dawa ya sukari" hutumika katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na tafiti za maabara zinazoonyesha kwamba baadhi yake hushusha sukari ya damu kwa panya zinazidi kuongezeka. Makala hii inaeleza ushahidi huo una uzito gani kwa wagonjwa na watunga sera wa Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba vitenzi vitatu vya Kiswahili, yaani kushusha, kutibu na kuponya, vinadai viwango vitatu tofauti vya ushahidi, na kwamba kuvichanganya kunahatarisha uhai. Makala inapitia njia ambazo jani linaweza kuathiri sukari ya damu, mfano wa mtukutu, historia ya metformini, na mambo ya mahali yanayobadili tafsiri ya vipimo. Mwishoni inapendekeza kwamba hatua ya kwanza ya sera iwe kuuliza na kurekodi matumizi ya mitishamba kliniki, kabla ya kutafuta dawa mpya.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Kasese iko chini ya milima ya Rwenzori, ikipakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mji wa Kasese ulikua pamoja na reli iliyofika huko mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Bwera, upande wa kusini-magharibi mwa wilaya, umekua pamoja na biashara ya mpaka wa Mpondwe. Lugha ya wenyeji wengi ni Lhukonzo, ambayo inakaribiana sana na Kinande kinachozungumzwa ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili huwaunganisha wafanyabiashara, wasafiri na wagonjwa wa pande zote mbili. Wilaya ina Hospitali ya Bwera ya serikali, Hospitali ya Kagando ya Kanisa la Uganda, na Hospitali ya Kilembe iliyotokana na mgodi.

Ugonjwa wa kisukari umeingia katika mazingira haya ukizikuta huduma za afya zimejengwa zaidi kwa ajili ya malaria, uzazi na magonjwa ya kuambukiza. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014, uliohusisha watu wazima wa umri wa miaka 18 hadi 69, ulikadiria kwamba asilimia 1.4 ya watu wazima wa Uganda walikuwa na kisukari. Kiwango hicho ni kidogo kikilinganishwa na nchi nyingi. Jambo zito zaidi ni kwamba karibu nusu ya waliokutwa na sukari ya juu hawakuwa wakijua hali yao. Mtu asiyejua kwamba ni mgonjwa hatafuti kidonge. Akianza kukojoa mara kwa mara, kukonda na kusikia kiu isiyokwisha, mara nyingi msaada wa kwanza huwa ule ulio karibu, nao ni jani la shambani au unga wa dawa wa sokoni.

Kwa hiyo swali la majani na sukari ya damu haliishii katika maabara za vyuo vikuu. Ni swali la mgonjwa mwenye chupa ya majani yaliyochemshwa nyumbani na pakiti ya vidonge mfukoni, ambaye hajaulizwa na yeyote kama anavitumia pamoja. Makala hii inakusudia kuonyesha kile ambacho ushahidi uliopo unaruhusu kumwambia mgonjwa huyo, na kile ambacho hauruhusu.

2.0 Dhana: vitenzi vitatu na neno moja

Katika mazungumzo ya kawaida, "dawa ya sukari" inaweza kuwa kitu kinachopunguza tarakimu ya kipimo, kitu kinachomlinda mgonjwa dhidi ya madhara ya kisukari, au kitu kinachouondoa ugonjwa kabisa. Neno dawa hubeba maana zote tatu bila kuzitenganisha. Kiswahili, hata hivyo, kina vitenzi vinavyozitenganisha vizuri, na makala hii inavitumia kama ngazi za ushahidi.

Kushusha ni kupunguza kiwango cha sukari ya damu kwa muda fulani. Huthibitishwa kwa kipimo. Kutibu ni kuudhibiti ugonjwa kwa namna inayopunguza upofu, kushindwa kwa figo, vidonda vya miguu, maradhi ya moyo na vifo, bila kuleta madhara makubwa kuliko faida. Huthibitishwa kwa kuwafuatilia watu kwa miezi na miaka. Kuponya ni kuuondoa ugonjwa usirudi hata dawa ikiachwa. Takriban madai yote ya kisayansi kuhusu majani yako katika ngazi ya kwanza, ilhali matangazo mengi ya sokoni huzungumza lugha ya ngazi ya tatu.

Istilahi nyingine inayohitaji ufafanuzi ni ziduo. Hapa ina maana ya kile kinachotolewa katika jani kwa kulowekwa au kuchemshwa katika maji, pombe au kimiminika kingine, kisha kuchujwa na pengine kukaushwa. Ziduo la pombe na ziduo la maji la jani lilelile ni vitu viwili tofauti, kwa kuwa kila kimiminika huvuta kemikali zake.

3.0 Milango ambayo jani linaweza kupitia

Sukari ya damu hutokana na chakula kinachomeng'enywa tumboni na sukari inayotengenezwa na ini. Huondoka katika damu kwa kuingia kwenye misuli na mafuta ya mwili, kazi inayohitaji insulini kutoka kongosho. Figo huichuja sukari na kuirudisha katika damu, isipokuwa inapozidi mno. Kila hatua ni mlango ambao kemikali ya mmea inaweza kupitia, na dawa kadhaa za hospitali zinathibitisha jambo hilo.

Mlango wa kwanza ni utumbo. Majani ya mforosadi yana kemikali inayozuia vimeng'enya vinavyovunja wanga, na molekuli ya jamii hiyo ilizaa dawa iitwayo miglitoli. Mlango wa pili ni kongosho, ambalo linaweza kuchochewa litoe insulini zaidi, kama inavyofanya glibenklamidi. Mlango wa tatu ni ini, linaloweza kuzuiwa lisimimine sukari nyingi, nayo ni kazi kuu ya metformini. Mlango wa nne ni misuli, inayoweza kusaidiwa kuipokea sukari. Mlango wa tano ni figo. Kemikali iitwayo florizini, iliyotolewa katika gome la mti wa tufaha la Ulaya mwaka 1835, huzifanya figo zimwage sukari katika mkojo, na kutokana nayo lilibuniwa kundi zima la dawa za kisasa za kisukari.

Kuna mlango wa sita usiotajwa sana, nao ni sumu. Tunda bichi la mti wa Blighia sapida, unaotoka Afrika Magharibi na kupandwa sana Jamaika, lina kemikali iitwayo haipoglisini. Hushusha sukari ya damu kwa nguvu kwa sababu huuzuia mwili kutumia mafuta na hivyo kulinyima ini nishati ya kutengeneza sukari. Watoto waliokula tunda hilo kabla ya kuiva wametapika, wamezimia na kufa. Kama kigezo pekee kingekuwa kushuka kwa sukari, sumu hii ingehesabiwa kuwa dawa bora. Mfano huu unatosha kuonyesha kwamba kushusha na kutibu ni mambo mawili, na kwamba mtafiti anayeripoti tarakimu ya sukari bila kuripoti hali ya ini, figo na uzito wa mnyama ameripoti nusu ya matokeo.

4.0 Kushusha: ushahidi wa maabara unasema nini

4.1 Panya na sukari yake

Utafiti wa kawaida wa majani hufuata njia moja. Panya hudungwa aloksani au streptozotosini, kemikali zinazoharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Sukari yao hupanda. Kisha kundi moja hupewa ziduo, jingine dawa inayojulikana, jingine maji matupu, na sukari hupimwa kwa siku au wiki kadhaa.

Njia hii ina thamani yake: ni ya haraka, ina kundi la ulinganisho, na inaweza kuonyesha kama jani lina nguvu yoyote. Lakini panya aliyeharibiwa kongosho kwa sindano hafanani na mgonjwa wa kawaida wa kisukari cha aina ya pili, ambaye tatizo lake lilijengeka kwa miaka na ambaye mwili wake huikaidi insulini iliyopo. Zaidi ya hayo, baadhi ya panya waliopewa aloksani hupata nafuu wenyewe pale chembe za kongosho zinapochipua upya, na nafuu hiyo inaweza kuhesabiwa kwa makosa kuwa kazi ya jani.

4.2 Mtukutu kama mfano

Mmea ambao wanasayansi huuita Vernonia amygdalina unajulikana nchini Uganda kama mululuza kwa Waganda na omubirizi kwa Wanyankole. Katika Kiswahili huitwa mtukutu. Majani yake ni machungu sana, na hunywewa kwa homa, malaria, maumivu ya tumbo na, siku hizi, kwa sukari. Utafiti uliofanyika Singapore na kuchapishwa mwaka 2011 uliwapa panya wenye kisukari cha streptozotosini ziduo la pombe la majani haya, miligramu 400 kwa kila kilo ya uzito, kwa siku 28. Sukari yao ya kabla ya kula ilipungua kwa karibu theluthi moja ikilinganishwa na panya wagonjwa wasiopewa ziduo. Huo ni ushahidi halali wa kushusha.

Hesabu rahisi inaonyesha umbali uliopo kati ya matokeo hayo na kikombe cha nyumbani. Katika famakolojia, kipimo cha panya hugawanywa kwa takriban 6.2 ili kukadiria kipimo cha binadamu. Miligramu 400 kwa kilo huwa takriban miligramu 65 kwa kilo, na kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni karibu gramu 3.9 za ziduo kavu kwa siku. Ikichukuliwa kwamba gramu 10 za jani kavu hutoa gramu 1 ya ziduo, zitahitajika gramu 39 za jani kavu. Ikichukuliwa tena kwamba jani bichi ni maji kwa asilimia 80, zitahitajika karibu gramu 195 za majani mabichi kila siku, yaliyolowekwa katika pombe. Makadirio hayo yatabadilika kulingana na jani na njia ya uziduaji, lakini funzo halibadiliki: mgonjwa anayechemsha majani machache katika maji hafanyi kile kilichofanywa maabara. Huenda anapata kidogo mno kiasi cha kutosaidiwa, au anapata kemikali nyingine kabisa.

4.3 Somo kutoka Mahale

Mwaka 1987, katika Milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mwenye ujuzi wa mitishamba, walimwona sokwe jike aliyekuwa mgonjwa akimenya matawi machanga ya mtukutu, akitafuna moyo wa tawi na kunyonya maji yake machungu. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1989. Uchambuzi wa kemikali uliofuata nchini Japani ulibaini kwamba vernodalini, kemikali yenye sumu kali kwa panya ikizidi, imejaa katika majani na gome, na katika moyo wa tawi karibu haipo. Sokwe huyo aliyatupa majani na gome.

Tukio hilo halihusu kisukari. Umuhimu wake hapa ni kwamba sehemu ya mmea, kiasi na muda wa matumizi ndivyo vinavyotenganisha dawa na sumu. Sokwe alitafuna kwa muda mfupi kwa ajili ya maradhi ya muda mfupi. Kisukari ni ugonjwa wa maisha yote, na jani linalovumiliwa kwa siku tatu za homa halijathibitishwa kwa hilo kuwa salama kwa miaka kumi ya kunywa kila asubuhi.

5.0 Kutibu: njia ndefu ya metformini

Watetezi wa mitishamba husema, kwa haki, kwamba metformini yenyewe ina asili ya mmea. Historia yake inastahili kuelezwa kwa ukamilifu, kwa kuwa inafundisha zaidi ya inavyodhaniwa. Mmea wa Galega officinalis ulitumika Ulaya kama dawa ya kienyeji kwa karne nyingi. Mwaka 1918 ilibainika kwamba guanidini, kemikali ya jamii ile inayopatikana katika mmea huo, hushusha sukari kwa wanyama. Galegini, iliyotolewa katika mmea wenyewe, ilijaribiwa kwa wagonjwa katika miaka ya 1920 ikaachwa, kwa kuwa nguvu yake ilikuwa ya muda mfupi na sumu yake ilitia wasiwasi. Metformini ilitengenezwa maabara mwaka 1922. Daktari Mfaransa Jean Sterne aliripoti matumizi yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Marekani iliiruhusu katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 1998 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba wagonjwa wenye uzito uliozidi walioitumia walipata madhara machache ya kisukari na vifo vichache.

Kati ya guanidini ya mwaka 1918 na uthibitisho wa mwaka 1998 kuna miaka 80. Aidha, kilichofika hospitalini hakikuwa jani wala ziduo lake, bali ni ndugu wa kemikali yake aliyetengenezwa ili nguvu ibaki na sumu ipungue. Kwa hiyo historia hii inaunga mkono utafiti wa mimea, lakini haiungi mkono kunywa jani kwa sababu tu jani jingine lilizaa dawa.

Kwa upande wa majaribio kwa binadamu, ushahidi bado ni mwembamba. Karela, ambayo ni miongoni mwa mimea iliyochunguzwa zaidi duniani kwa ajili ya kisukari, ilifanyiwa tathmini ya Cochrane mwaka 2012, na hitimisho likawa kwamba ushahidi haukutosha kuipendekeza. Majaribio yaliyopatikana yalikuwa machache na madogo.

Ugumu wa majaribio hayo unatokana na tabia ya ugonjwa wenyewe. Sukari ya damu hupanda na kushuka kila siku. Mgonjwa hutafuta dawa siku anapojisikia vibaya zaidi, na baada ya hapo kipimo kina uwezekano mkubwa wa kushuka hata asipokunywa chochote. Tena, anayeanza kunywa jani chungu mara nyingi hupunguza pia sukari katika chai, pombe na wingi wa chakula. Bila kundi la ulinganisho, jani litasifiwa kwa kazi iliyofanywa na chakula. Ndiyo maana jaribio la kuaminika huwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, huwafuatilia kwa miezi isiyopungua mitatu, na hutumia kipimo cha sukari iliyoganda kwenye himoglobini, ambacho huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu.

6.0 Kuponya: ahadi inayogharimu

Hakuna jani lililothibitishwa kuponya kisukari. Kwa mgonjwa wa aina ya kwanza, ambaye kongosho lake limeacha kutengeneza insulini, kuacha sindano kwa siku chache kunaweza kuijaza damu yake asidi na kumuua. Kwa huyu, neno kuponya likitoka katika mdomo anaouamini ni hatari kuliko jani lenyewe.

Hata tiba za hospitali hazidai kuponya. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2017 lilionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa aina ya pili waliopunguza uzito kwa mpango mkali wa chakula waliweza kukaa bila dawa huku sukari yao ikiwa chini ya kiwango cha ugonjwa mwaka mmoja baadaye. Wataalamu waliita hali hiyo kutulia kwa ugonjwa, wala hawakuiita kupona, kwa kuwa uzito ukirudi sukari hurudi. Kama sayansi inajizuia kwa kiasi hicho, tangazo la sokoni linalotumia neno kuponya linastahili kutiliwa shaka kwa neno hilo pekee.

7.0 Mambo ya Kasese na Bwera yanayobadili tafsiri

Matokeo ya Singapore au Uingereza hayawezi kuhamishiwa Kasese bila kuangalia mambo manne ya mahali.

Kwanza ni kipimo. Uchunguzi wa kitaifa wa selimundu uliwakuta watoto wachanga asilimia 13.3 wakiwa na chembe hiyo ya urithi bila kuugua, na wilaya jirani ya Bundibugyo inajulikana kwa kiwango cha juu zaidi. Kwa watu hawa, na kwa wenye upungufu wa damu unaotokana na malaria, kipimo cha himoglobini kinaweza kuonyesha sukari ndogo kuliko ilivyo. Jani linaweza kuonekana limefaulu kwa sababu kipimo kimedanganya. Utafiti wowote wa eneo hili unapaswa kuambatanisha kipimo hicho na kipimo cha sukari ya asubuhi kabla ya kula, ambacho kikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na kikarudiwa, huthibitisha kisukari.

Pili ni homa. Mtukutu hunywewa kwa malaria, na malaria kali pamoja na kwinini huweza kushusha sukari. Mgonjwa wa kisukari anayetumia glibenklamidi, ambaye ana homa, hali chakula, na anaongezewa jani la kushusha sukari, anaweza kufika chini ya milimoli 3.9 kwa lita, akatetemeka, akachanganyikiwa na kupoteza fahamu. Nyumbani hali hiyo inaweza kudhaniwa kuwa malaria imepanda kichwani, na tiba rahisi ya maji ya sukari ikakosekana.

Tatu ni chakula. Obundu, ugali wa muhogo wa Wakonzo, ni wanga karibu mtupu. Jani linalozuia vimeng'enya vya wanga tumboni lingeweza kuwa na maana zaidi kwa mlo kama huu kuliko kwa mlo wa panya wa maabara. Hili ni swali la utafiti ambalo watafiti wa mahali wako katika nafasi nzuri ya kuliuliza. Lakini pia kupunguza tonge la obundu na kuongeza maharage na mboga kunaweza kushusha sukari kwa gharama ndogo na bila sumu.

Nne ni mpaka. Unga wa dawa usio na jina la mmea husafiri kwa urahisi katika soko la mpakani. Mwaka 2008 nchini Singapore, watu wengi walilazwa hospitalini kwa kushuka sukari ghafla baada ya kutumia bidhaa zilizouzwa kama dawa za nguvu za kiume, na baadhi yao walifariki. Ndani yake mlikuwa na glibenklamidi. Unga unaoshusha sukari kwa kasi ya ajabu hauna budi kushukiwa kwamba una kidonge kilichosagwa, hadi maabara iseme vinginevyo.

8.0 Mapendekezo ya sera

Uganda ina vyombo vya kuanzia. Sheria ya Tiba za Jadi na Tiba Mbadala ya mwaka 2019 inawapa watoa tiba asilia nafasi ya kutambuliwa na kusimamiwa. Mamlaka ya Taifa ya Dawa husajili dawa za mitishamba. Kampala kuna Taasisi ya Utafiti wa Dawa za Asili iliyo chini ya Wizara ya Afya, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kina kituo cha dawa na tiba asilia. Mwezi Juni 2021 Mamlaka hiyo iliiruhusu Covidex, dawa ya mitishamba, itumike kama tiba ya kusaidia wakati wa janga la korona, ikisisitiza kwamba haikuthibitishwa kuponya. Umma uliikimbilia na bei ikapanda. Funzo ni kwamba tofauti kati ya kusaidia na kuponya isipoelezwa kwa lugha ya watu, hupotea njiani kati ya ofisi na duka.

Kutokana na uchambuzi huu, mambo matano yanapendekezwa.

(i) Kila kliniki ya kisukari iulize na kuandika katika kadi ya mgonjwa: anatumia jani gani, sehemu gani, kiasi gani, tangu lini na pamoja na kidonge gani. Swali liulizwe bila lawama, kwa Lhukonzo au Kiswahili, kwa kuwa mgonjwa anayeogopa kukemewa ataficha.

(ii) Ujumbe mmoja usiobadilika utolewe na hospitali, wahudumu wa afya wa vijijini na waganga wa tiba asilia: insulini haiachwi kwa ajili ya jani, na kidonge hakipunguzwi bila kipimo.

(iii) Watafiti wachukue sampuli ya kila mmea na kuihifadhi katika hifadhi ya mimea ya Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na majina yake ya Lhukonzo, Kinande na Kiswahili. Jina moja linaweza kubeba mimea miwili, na utafiti wa mmea usiotambuliwa hauwezi kurudiwa.

(iv) Kabla ya kuanza na panya, wafuatiliwe watu ambao tayari wanatumia jani, kwa vipimo vya sukari, ini na figo, chini ya idhini ya kamati ya maadili. Watu hao wamekwisha kubeba hatari. Haki yao ya kwanza ni kujua kinachowapata.

(v) Maarifa ya wenyeji yalindwe. Kanuni za Uganda za mwaka 2005 kuhusu upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa faida, pamoja na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, zinadai makubaliano kabla ya jani kuondoka. Mganga anayetaja mmea anastahili kuandikwa kama mwenye maarifa, na jumuiya yake kupata sehemu ya faida ikitokea.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba baadhi ya majani hushusha sukari ya damu, kwamba kushusha huko kumethibitishwa zaidi kwa panya kuliko kwa watu, na kwamba hakuna jani la eneo hili lililofikia kiwango cha kutibu, seuze kuponya. Hilo si sababu ya kuyadharau majani. Mforosadi na Galega vinaonyesha kwamba jani linaweza kuwa mwanzo wa dawa ya kweli, na mimea ya Rwenzori inastahili kuchunguzwa kwa umakini uleule. Lakini mgonjwa wa Bwera hawezi kungoja miaka 80. Kinachoweza kufanyika mwaka huu, kwa kalamu na kadi ya kliniki, ni kumuuliza anachokunywa, kupima sukari yake, na kumweleza kwa Kiswahili sanifu au kwa Lhukonzo kwamba kilichoshuka bado hakijatibiwa, na kinachotibiwa bado hakijapona.